Ingia Bila Hodi

Aliyemwambia Katibu habari ile kwa mara ya kwanza alikuwa muuza maziwa, na wala hakujua kwamba analeta jambo la kutisha. Alidhani anasifu.

"Shikamoo, Katibu. Yule mwenzako mpya ana adabu kweli," alisema huku akimimina maziwa kwenye sufuria. "Jana nimefika hapa, hata mdomo sijafungua, kashaniambia karibu, weka maziwa mezani. Nikaweka. Sura sikuiona, alinipa mgongo, anakunja mashuka."

"Jana wakati gani?"

"Mchana, jua la utosi."

Katibu akabaki ameshika mfuniko wa sufuria, asifunike. Jana mchana alikuwa upande wa pili wa mji, akimwogesha bibi mmoja aliyepooza. Mlango wa nyumbani alikuwa ameufunga mwenyewe, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wake.

"Mlango ulikuwa wazi?" aliuliza, sauti akiibana.

"Wazi kabisa. Kwani vipi?"

"Hakuna. Asante, kaka."

Ni kweli jana alikuta maziwa mezani, akadhani mume wake alipitia nyumbani. Alikuta na mashuka yamekunjwa, kingo zimelingana kama yamekatwa kwa wembe, akadhani ni Mwenyekiti wa chama chao, maana naye alikuwa na ufunguo. Mtu akichoka hapekui msaada. Anaupokea tu na kulala.

Na Katibu alikuwa amechoka. Nyumba yake haikuwa tena nyumba, ilikuwa ofisi ya chama cha kujitolea, watu waliokubaliana kuwahudumia wagonjwa wa majumbani: kuwaogesha, kuwageuza kitandani, kuwaazima vifaa. Chama hakikuwa na chumba, naye kwa huruma yake akasema tumieni sebule yangu kwa muda. Hilo la muda likaota mizizi. Makochi yalisukumwa ukutani. Magongo yalisimama pembeni kama watu wanaongoja zamu, viti vya magurudumu vikaziba dirisha, na nyumba nzima ikanuka dawa ya kusafishia sakafu. Simu ya chama ililia tangu watu hawajanawa uso. Mume wake, fundi wa majokofu, mtu wa masihara, akirudi kutoka kazini alisimama mlangoni na kusema, "Samahani, Katibu, naomba miadi ya kuonana na mke wangu."

Zamani majirani walimwita Mama Chiriku, kwa jina la utani la binti yake wa miaka minne, mtoto mwenye maneno kama ndege wa asubuhi. Sasa kila mtu alimwita Katibu, na hata yeye mwenyewe akiitwa Mama Chiriku ilimchukua muda kugeuka. Mtoto akisema, "Mama, njoo uone," yeye alijibu, "Subiri, mwanangu," simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Akisema, "Mama, nisuke," jibu lilikuwa, "Subiri kwanza." Hakusema kwa ubaya. Lilimtoka lenyewe, kama kikohozi.

Bango la mlangoni lilikuwa wazo la Mwenyekiti. Yule mama alikuwa mkunga mstaafu, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na alichukia kuona watu wanyonge wakizubaa nje kwa haya. "Mgonjwa hasimamishwi mlangoni," alisema. Akaleta bango limeandikwa kwa rangi nyekundu, fundi wa majokofu akalipigilia misumari juu ya mlango: INGIA BILA HODI.

Siku ile ya muuza maziwa, Katibu alimpigia Mwenyekiti simu.

"Ulimtuma mtu hapa jana, mama?"

"Nimtume nani, mwanangu? Watu wenyewe hawatoshi. Kama kapatikana wa kujitolea, mshike asikimbie!" Akacheka. Katibu akacheka naye kidogo, ili mambo yaishe.

Hayakuisha. Jioni umeme ulikatika. Katibu alikuwa jikoni anapapasa kibiriti, akasikia gurudumu sebuleni. Kiti kimoja cha magurudumu kilikuwa kibovu, kililia kila kilipozunguka, nyii, nyii, na sasa kilikuwa kinalia polepole, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kutoka dirishani hadi mlangoni, kikigeuka, kikirudi. Mtoto alikuwa anacheka kicheko cha chini, cha kubembelezwa. Katibu akawasha mshumaa akaenda. Kiti kikasimama. Chiriku alikuwa amekaa ndani yake, miguu haifiki chini, na magoti yake yamefunikwa blanketi lililochomekwa vizuri pande zote mbili, kama wanavyofunikwa wagonjwa wanaohudumiwa na mtu anayejua kazi.

"Nani alikuwa anakusukuma?"

"Mama mdogo."

Katibu hakuwa na mdogo wake. Alizaliwa peke yake.

"Mama mdogo gani, mwanangu?"

"Yule anayesema njoo."

Hewani kulikuwa na harufu ambayo haikuwa ya dawa ya sakafu. Ilikuwa harufu ya nguo mbichi iliyokandamizwa pasi ya moto, mvuke mzito, na pasi ya nyumba ile haikuwa imeguswa.

Mume wake alipoelezwa alijikuna kichwa. "Mtoto anacheza. Na wewe hulali. Punguza kazi, mke wangu, usije ukaanza kuona vya kuona." Lakini siku chache baadaye alirudi kutoka kazini mapema, hana masihara, akamkuta anavua viatu mlangoni, ndiyo kwanza anafika, akamvuta mkono hadi uani.

"Leo mchana nilipiga simu ya ofisi. Ulipokea wewe?"

"Mchana nilikuwa kwa bibi aliyepooza. Simu ya ofisi niliiacha mezani."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Huyo aliyepokea alisema nini?"

Fundi akatazama mlango wa nyuma kwanza, kisha akanong'ona. "Ilikuwa sauti yako. Nikakuuliza mtoto vipi, ukasema, usijali baba, nimeshamlisha, nimeshamwogesha, sasa namsuka. Nikafurahi hata. Nikasema leo mke wangu kapumzika."

"Chiriku nimemwacha kwa jirani," alisema Katibu. "Tangu asubuhi yuko kwa jirani."

Hakuvaa viatu. Jirani yao alikuwa mshonaji, na alimkuta amekaa barazani nyuma ya cherehani, uzi mdomoni.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto yupi, Mama Chiriku? Si ulikuja mwenyewe ukamchukua?" Jirani akatoa uzi mdomoni. "Tena nikakuambia, leo umependeza, umevaa nguo imenyooka pasi mpaka unang'aa. Hukunijibu. Ulicheka tu, ukampa mkono, mkaenda. We, mbona unanitisha?"

Katibu akageuka akakimbia, na njia ile fupi aliyoipita kila siku bila kuihesabu ikawa ndefu kama inavutwa na mtu upande wa pili, lango, uwanja, ngazi, ndoo iliyoanguka, mume wake tayari yuko mlangoni anasukuma kwa bega na mlango haufunguki kwa sababu komeo limefungwa kwa ndani, komeo ambalo mtoto halifikii hata akipanda kiti, na nyuma ya mbao ile wakamsikia binti yao anazungumza bila kukoma kama kawaida yake, anauliza na kunyamaza, anauliza na kunyamaza, kama mtu anayejibiwa, ila majibu hawakuyasikia, walisikia tu nyii, nyii ya gurudumu na pumzi ya mvuke ikipenya chini ya mlango, ya moto, ikiwagusa vidole vya miguu.

Kisha komeo likafunguka lenyewe, taratibu, kwa heshima.

Chiriku alikuwa amekaa katikati ya sebule, amesukwa. Mistari ya nywele zake ilikuwa myembamba, imenyooka, imezunguka kichwa kizima na kukutana kisogoni, usukaji wa mkono wenye subira ambayo Katibu hakuwahi kuwa nayo. Gauni limepigwa pasi. Kucha zimekatwa. Mtoto akainua uso, akamtazama mama yake kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwatazama wageni wa ofisi.

"Shikamoo, Katibu," alisema.

Katibu akakaa chini hapo hapo, sakafuni.

Mganga aliletwa na Mwenyekiti kesho yake mchana. Alikuja nyuma ya pikipiki, mtu wa makamo, shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni. Ungemwona ungedhani amekuja kusoma mita ya maji. Hakuingia. Alisimama chini ya bango akalisoma, midomo ikicheza.

"Nani aliandika hili?"

"Mimi," alisema Mwenyekiti. "Kwa ajili ya wagonjwa."

"Sasa, mama yangu, hodi ni mlango wa pili. Hawa wenzetu huzunguka nyumba zetu miaka na miaka, wanangoja waulizwe nani, na wao kuulizwa nani hawakupendi. Ninyi mkawaandikia kwa rangi nyekundu kwamba hakuna haja."

"Mtoe basi, mwalimu," alisema fundi. "Tutafanya lolote utakalosema."

Mganga akavuta pumzi puani. Akamtazama Chiriku, aliyekuwa anajichezea na magongo na hamtazami mama yake hata kidogo.

"Jini hutolewa," akasema polepole. "Huyu sina pa kumtolea. Huyu amejitolea."

Mwenyekiti alianza kucheka kwa mazoea.

"Sitanii. Anafanya kazi yenu, hajavunja kitu, hajampiga mtu. Nikimchapa nitakuwa ninamdhulumu, na akidhulumiwa ataamka vingine. Lakini hakuna anayejitolea bila kutaka kitu. Mmoja anataka thawabu, mwingine sifa. Huyu anataka kuitwa mama." Akashusha sauti. "Mtoto anamwitaje?"

"Mama mdogo," alisema Katibu.

"Basi bado. Siku atakapoliacha hilo 'mdogo', mtoto si wako tena. Utabaki naye ukimlisha na kumvika, lakini atakuwa anaishi na mwingine."

"Nifanye nini?"

"Mtu wa kujitolea hafukuzwi, huagwa. Mkubwa wa chama amshukuru, amwambie kazi imekwisha, naye ataondoka. Akiondoka atamwita mtoto. Hapo sikilizeni vizuri: mtu asimshike. Wala baba, wala mama. Ukimshika utabaki na mwili tu mikononi. Arudi kwa miguu yake."

Fundi akang'oa bango, misumari ikalia. Milango yote ikafunguliwa. Mganga akachoma vitu vyake kwenye kigae, akasoma kwa sauti ya chini, na sebule ikaanza kujaa ile harufu ya nguo mbichi na pasi, ikashinda ubani, ikashinda dawa ya sakafu, mpaka macho yakawawasha. Magongo ukutani yakagongana, ko, ko, moja baada ya jingine, kama kuna mtu anayapitishia kiganja akiyahesabu.

"Sema, mama," alisema mganga.

Mwenyekiti, aliyewahi kuzalisha wanawake gizani bila kutetemeka, alishika ukuta. "Ndugu yetu... uliyejitolea nasi. Chama kinakushukuru. Umefanya kazi nzuri. Sasa... sasa kazi yako katika nyumba hii imekwisha."

Kisha kile kiti kibovu kikajisogeza. Nyii. Kikapita katikati yao, kitupu, kikipungua mwendo kwa kila mtu kama kinachoaga, kikavuka kizingiti, kikashuka ngazi bila kuanguka, kikaenda langoni. Pale kikageuka, kikatazama nyumba.

"Njoo, mwanangu," ikasema sauti ya Katibu kutoka langoni.

Chiriku akasimama.

"Chiriku," aliita Katibu, "njoo kwa mama. Njoo, mwanangu." Na kutoka langoni, juu ya maneno yake, sauti ile ile ikasema njoo, mwanangu, lakini yenyewe ilikuwa tamu zaidi, haina mchubuko wa uchovu, haina woga, ilikuwa sauti aliyokuwa nayo yeye mwenyewe kabla ya chama na simu na wagonjwa, na Katibu akajisikia anashindwa na nafsi yake. Mtoto akatazama huku, akatazama kule. Akatabasamu. Akashuka ngazi ya kwanza, na ya pili, baba yake ameuma ngumi, Mwenyekiti anaomba, mganga ameinua mkono kumzuia kila mtu, na Katibu akiita njoo, njoo, kila njoo ikiwa nyepesi kuliko iliyopita, mpaka mtoto alipokuwa katikati ya uwanja na mikono ya kile kiti ikaonekana kama inafunguka, na hapo akili ikamtoka, upole ukamtoka, na likatoka neno lile ambalo ulimi ulilizoea bila yeye kulituma:

"Subiri kwanza!"

Chiriku akasimama.

Akageuka mzima mzima, uso umekunjamana, akapiga mguu chini.

"Kila siku subiri! Kila siku subiri! Mimi nimechoka kusubiri, mama!"

Akarudi mbio, analia kwa sauti yote, akapanda ngazi kwa magoti, akaanza kumpiga mama yake ngumi za mapajani, mama, mama, mama, na Katibu akamwacha ampige, hakumgusa mpaka mganga alipoashiria kwa kichwa kwamba sasa ruksa. Langoni kiti kilianguka ubavu. Gurudumu likazunguka kitambo, likatulia. Harufu ikatoka nyumbani kama maji yanayokauka kwenye jiwe.

Fundi wa majokofu akakaa ngazini, akajifuta uso kwa shati. Mwenyekiti akatoka hadi uwanjani kukitazama kile kiti, na kwa sababu alihitaji kusema jambo, akasema kama ambavyo angemwambia mgeni yeyote anayeondoka:

"Haya, kwa heri. Karibu..."

Akajiziba mdomo.

Mganga aligeuka taratibu. "Umesema nini?"

"Sikumaliza. 'Tena' halikutoka. Nimesema 'karibu' tu."

"Karibu wapi?"

"Sikusema wapi, mwalimu. Ni ulimi tu. Ni mazoea."

Mganga akakitazama kiti muda mrefu. "Kazi hii isilale tena humu ndani," alisema mwishowe, akipanda pikipiki. "Na mtoto asiachwe peke yake."

Mwenyekiti alisema vifaa viende kwake. Alikuwa mjane, nyumba kubwa, hana mtoto mdogo. Usiku ule Chiriku alilala katikati ya wazazi wake na kuongea hata usingizini, nao hawakumnyamazisha.

Asubuhi yake Katibu alimtafuta mtu wa mkokoteni. Wakapakia magongo, mabeseni, mashuka na viti, yeye akatembea nyuma na Chiriku mgongoni, mtoto akimweleza habari za kuku, za mawingu, za kidole chake kilichojikwaa, naye akiitikia kila kimoja. Njiani simu ya chama ililia. Akaizima.

Mwenyekiti aliwapokea mlangoni na gauni la nyumbani, peku, uso umechangamka. Usiku alilala vizuri, alisema, tofauti na alivyoogopa.

"Na wewe, mwanangu, ungepumzika tu leo! Hukuwa na haja ya kutuma mtu alfajiri yote ile. Nilikuwa bado kitandani nikamsikia anafagia. Nikasema mh, Katibu huyu, hata baada ya jana hakomi. Chumba chote keshakipanga."

Mtu wa mkokoteni alikuwa ameshainua magongo begani. Katibu hakusogea. Kutoka ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, ulimfikia mvuke wa nguo mbichi chini ya pasi, na nyuma ya mvuke ule sauti ya mwanamke, ya uzee, ya kicheko, sauti ya kutikisa vikombe, ikasema:

"Karibuni. Wekeni mezani."

Kicheko kikamtoka Mwenyekiti usoni. Akafungua mdomo, akaugusa kwa vidole, kama anayehakikisha kwamba ulikuwa umefungwa maneno yale yaliposemwa.

"Mama," alinong'ona Chiriku sikioni, "nani huyo?"

Katibu hakungoja. Alimshika Mwenyekiti mkono, akamvuta nje hivyo hivyo, peku na gauni la nyumbani, akamwambia mtu wa mkokoteni aache mzigo barabarani pale pale, na wakaondoka wote wanne bila kuaga.